Msimu wa Karantini Zizini Katindiuka

Baba mkwe wangu hakuwahi kuliita zizi letu kwa jina tulilolipa sisi. Mume wangu na mimi tulisema "unenepeshaji", neno tulilotoka nalo kwenye semina ya mifugo. Yeye alisema "mahabusu". Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo baba," aliitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mahabusu wameamkaje?" Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa anatania.

Yeye ni Msukuma. Aliingia bonde la Kilombero na ng'ombe wake wakati mume wangu bado anabebwa mgongoni, wakakaa huko mbugani karibu na mto, wakihama maji yanapopanda na kurudi yanaposhuka. Mimi ni Mpogoro. Wazazi wangu waliteremka kutoka upande wa Mahenge kuja kulima mpunga, na nyumbani kwetu ng'ombe walitajwa kwa sauti ileile ya kuwataja nguruwe pori na kwelea kwelea. Siku nilipoposwa mama yangu alisema, "Mwanangu, unakwenda kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula mpunga wa baba yako." Lakini mahari aliipokea.

Nilipoolewa, siku za makundi makubwa zilikuwa zimekwisha. Amri ya mifugo kuondoka kwenye ardhi oevu ilikuwa imetoka, na baba mkwe aliuza sehemu kubwa ya kundi lake kwa haraka. Anayeuza kwa haraka anajulikana anauzaje. Alibaki na ng'ombe wachache na huzuni ambayo hakuizungumza na mtu. Mume wangu ndiye aliyekuja na wazo la zizi. Alisema kama ng'ombe hawezi tena kuyafuata majani, basi majani yamfuate ng'ombe. Tukapata eneo Katindiuka, pembeni mwa mji, tukazungusha uzio wa nguzo na mabanzi, tukajenga hori refu la saruji na kuezeka bati upande mmoja. Tulinunua madume waliokonda mnadani, tukawalisha ndani kwa miezi mitatu hivi, wakinona tunawauza. Wengine walichukuliwa na mwenye bucha wa hapohapo Katindiuka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara Ifakara. Wengi walipakiwa kwenye malori kwenda Morogoro na Dar es Salaam.

Kazi yangu ilikuwa chakula. Mume wangu alijua kuchagua dume mnadani, mimi nilijua pumba. Bonde hili linakoboa mpunga mwingi, na pumba laini zake, ukizichanganya na mashudu ya alizeti, molasesi na chumvi, ndizo zinazomjaza ng'ombe mgongo. Nilikuwa nachota kiganja, nafinya, nanusa. Pumba nzuri hushikana kidogo halafu huachia, na hunukia mchele mpya. Zilizochanganywa na makapi yaliyosagwa hukuchoma mkononi kama mchanga. Wenye mashine walinijua. Miaka ya kwanza waliniomba nizitoe pumba kwa sababu zilikuwa zinawajazia uwanja.

Wasiwasi wetu ulianzia hapohapo kwenye pumba. Siku moja nilifika mashineni nikakuta lori la watu wa mjini limeegeshwa mlangoni, wapakiaji wanafunga magunia. Wiki iliyofuata yalikuwa mawili. Kijana wa mashine aliniambia, "Mama, siku hizi ukichelewa kidogo hukuti kitu. Watu wa kuku wanazichukua hata hazijapoa." Nikarudi nyumbani na nusu ya nilichokwenda kutafuta, kwa bei iliyonifanya nirudie kuuliza kama nimesikia vizuri. Tulijipa moyo kwamba ni ya msimu tu, kwamba mavuno yakifika mashine zitaunguruma tena na pumba zitakuwa nyingi. Lakini ilikuwa katikati ya masika. Mpunga wa mwaka uliopita ulikuwa umekwisha maghalani na mpya ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke.

Ndipo karantini ikaja.

Afisa mifugo alifika kwa pikipiki, suruali imelowa hadi magotini, akatoa barua kwenye mfuko wa nailoni. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeonekana kijiji fulani ng'ambo ya mto. Mnada umefungwa, vibali vya kusafirisha vimesimamishwa, hakuna mnyama kutoka kwenye kata wala kuingia. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa muda gani?"

"Mpaka itakapotangazwa."

"Hawa wamekwisha kuiva, bwana. Wiki hii nilikuwa naita lori."

Afisa aliwatazama madume wetu thelathini na wanne waliojipanga horini, migongo inang'aa. "Hata mimi naona," alisema. "Poleni sana."

Mtu asiyefuga hawezi kujua pole hiyo ilikuwa na uzito gani. Dume aliyekwisha nona hasubiri. Anakula kuliko alipokuwa amekonda, na kile anachokula hakikuongezei kitu, anajishikilia tu pale alipo. Ukipunguza chakula, mwili wake unaanza kurudi nyuma, na kazi ya miezi mitatu inayeyuka mbele ya macho yako. Kwa hiyo tuliendelea kulisha. Wiki ya kwanza tulisema haitafika ya pili. Ya pili ikapita, na ya tatu. Kila nilipoingia stoo nilijikuta nagusa magunia yaliyobaki, moja moja, kama mtu anayewagusa watoto kuona nani ana homa. Nilianza kukosa hamu ya kula. Nikiweka ugali mbele yangu nawaza madume wanakula nini.

Mwisho wa wiki ya tatu mume wangu aliamua kwenda Morogoro. Alitaka kutafuta mashudu huko, na kuuliza mwenyewe ofisini kama kuna namna ya kupata kibali. Aliniambia atakaa siku nne. Zikawa nane. Barabara ilikuwa ya matope, mashudu yalikuwa yamepanda, na kila alipopiga simu neno lake la kwanza lilikuwa "bado". Nilibaki na baba mkwe na madume.

Siku ya tano nilipunguza chakula kwa nusu. Sikuwa na njia nyingine, kwa sababu vinginevyo stoo ingekuwa tupu kabla ya Jumapili. Nilitumia ndoo zilezile na saa zilezile nikidhani nitawadanganya. Ng'ombe hadanganyiki. Walilamba saruji ya hori mpaka ikang'aa, halafu wakainua vichwa na kunitazama. Wakaanza kulia, mmoja, halafu wote. Sauti ile ilisikika mpaka barabarani. Majirani waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama kuuliza kuna nini.

Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye uzio, mikono juu ya fimbo.

"Mkwe, hawa wanalia."

"Wanalia, baba. Nimepunguza chakula."

"Nani amekwambia upunguze?"

"Stoo ndiyo imeniambia, baba."

Alikuwa anatazama upande wa mbuga, ambako baada ya mvua zile majani yalikuwa yamefika kiunoni na hakuna wa kuyala. "Mimi nimechunga maisha yangu yote," alisema. "Ng'ombe wangu wamekufa kwa ugonjwa, wamekufa kwa simba, wamekwenda na mafuriko. Hakuna aliyewahi kufa njaa huku ananitazama."

"Ni karantini, baba. Hawaruhusiwi kutoka."

"Karantini naijua. Nimeijua kabla hujazaliwa."

Niliondoka pale kwa heshima, lakini moyo haukutulia. Nilimpigia mume wangu nikamwambia baba hana raha. Akaniambia, "Baba hajawahi kuwa na raha na lile zizi. Wewe angalia pumba tu." Nikamtii. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimtii, maana mimi ndiye niliyeona jinsi mzee alivyokuwa anaitazama mbuga.

Siku mbili baadaye nilikwenda zizini alfajiri kama kawaida, ndoo mkononi, nimejiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Kabla sijafika nilikwishajua. Mlango wa zizi ulikuwa wazi, na zile nguzo za kuufungia zilikuwa zimepangwa vizuri pembeni, moja juu ya nyingine. Mwizi hapangi nguzo. Nilikimbilia chumbani kwa mzee. Kitanda kimetandikwa, koti la mvua halipo, mabuti hayapo, fimbo haipo.

Nilichukua baiskeli na kufuata nyayo. Ng'ombe thelathini na wanne, wazito, kwenye udongo uliolowa, hata mtoto angezifuata. Zilipita nyuma ya nyumba za mwisho, zikashika njia iendayo kijitoni, na hapo nikaongeza mwendo, kwa sababu kuanzia kwenye kijito ni mpunga mtupu kushoto na kulia. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anatoka huko alipunguza mwendo. "Mama, kama unatafuta ng'ombe, nimepishana nao. Mzee yuko peke yake. Nenda haraka." Matope yalipoishika baiskeli niliitupa pembeni nikakimbia.

Baadaye mzee alinieleza alivyokuwa amepanga. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na eneo ambalo halijalimwa mwaka ule. Alitaka awapitishe kabla watu hawajaamka, wale washibe, awarudishe. Zamani angeweza. Ng'ombe wake wa zamani walizaliwa mikononi mwake, walijua mluzi wake, wangepita katikati ya mpunga kama watoto wa shule. Hawa walikuwa wametoka kwenye makundi ya watu mbalimbali na sauti yake hawakuijua. Miezi minne hawakuwa wamekanyaga jani, na wiki hiyo walikuwa wameshinda na njaa. Walipoona kijani pande zote mbili, waliondoka.

Nilisikia kabla sijaona. Mpunga ukiliwa na ng'ombe wengi kwa pamoja hutoa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Madume walikuwa wametawanyika katikati ya shamba, masuke mapya yanawaning'inia midomoni, na baba mkwe alikuwa ndani ya matope, anawaita kwa Kisukuma, anakimbilia huyu, huyu akitoka mwingine anaingia. Kwenye tuta walikuwa wamesimama wanaume sita au saba wenye mapanga na magongo. Mmoja alikuwa amekwisha kumkata dume mmoja pajani, na damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye maji. Wengine walikuwa wanateremka kumfuata mzee.

Kila mtu wa bondeni anajua mambo ya namna hii yanavyoishia. Tumezika watu, wa pande zote mbili.

Niliingia majini nikasimama kati yao na mzee, na kilichonitoka mdomoni kilikuwa Kipogoro, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Walisimama. Nadhani hawakutegemea lugha yao kutoka upande ule. Mmoja wao, mrefu, aliniambia, "Wewe si wa kwetu? Unafanya nini na hawa?"

"Huyu ni baba mkwe wangu. Watoto wangu ni wajukuu zake."

"Basi mwambie ale mpunga wa wajukuu zake!"

Sikuwa jasiri, kama watu walivyosema baadaye. Nilibaki pale kwa sababu matope yalikuwa yameishika miguu yangu. Nyuma yangu nilimsikia mzee anahema, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba alikuwa mzee kweli.

Ndipo mwenye shamba akafika. Nilipomwona nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa mama mmoja mjane wa jumuiya yetu ya kanisani, tunayesali naye kila wiki, aliyenifundisha kuimba sauti ya pili nilipoingia kwaya. Wawili kati ya wale wanaume walikuwa wanawe, wengine majirani. Nilimwambia, "Shikamoo mama," kwa mazoea tu, katikati ya balaa lile. Hakuitikia. Alilitazama shamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayesoma barua. Kisha akawaambia wanawe, "Toeni kwanza ng'ombe. Mkianza kupigana, wao wataendelea kula."

Lakini kuwatoa ndiyo ilikuwa kazi. Kila walipofukuzwa upande huu walizidi kuingia upande ule, na kila hatua ya dume mmoja ililaza mpunga kama mkeka. Nilimwona mwanamke mmoja kwenye tuta ameshika ndoo ya bati ya kuchotea maji. Nikamwomba. Nikapanda juu ya tuta nikaanza kuigonga kwa kijiti, mapigo matatu na kupumzika, mapigo matatu na kupumzika, kama nilivyokuwa nafanya kila asubuhi na kila jioni kabla ya kumwaga pumba horini. Mmoja aliinua kichwa. Akaja. Wakaja wengine nyuma yake, wakiongeza mwendo, wakigombania njia ya tuta. Nilitembea mbele yao kuelekea nyumbani huku nagonga ndoo tupu, nikijua ninachowaahidi sina.

Mmoja hakuja. Alikuwa amezama kwenye shimo la mfereji, na uzito tuliompa sisi wenyewe ndio uliomzamisha. Vijana wale wale wa mapanga walishuka na kamba, wakamvuta pamoja na baba mkwe, na alipotoka mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika.

Afisa mifugo aliitwa. Niliporudi baada ya kuwafungia wale wengine nilimkuta amepiga magoti tutani, anafungua mdomo wa dume yule na kuangalia ulimi, halafu kwato. Alikuwa amekasirika mpaka sauti imekauka. "Mzee, unajua umefanya nini? Hawa wangekuwa na ugonjwa ungelimaliza bonde zima." Baba mkwe alivua kofia. Afisa alisema atamwandikia faini, na kweli alimwandikia, lakini dume hakuwa na kidonda, na aliruhusu achinjwe palepale, nyama iuzwe ndani ya kata.

Yule mwenye bucha alikuja na toyo, bajaji ile ya mizigo, na visu vyake. Alifanya kazi yake kwa utulivu, akamlaza dume kuelekea kibla, akasoma bismillahi, na watu waliokuwa wanatukanana saa moja iliyopita wakashika miguu pamoja. Alipokuwa ananawa aliniuliza, "Dada, hao wengine mnawasubirishia nini?"

"Karantini, kaka. Hawatoki."

"Kwani bucha yangu iko nje ya kata?" Akamgeukia afisa. "Bwana, nikichinja mmoja mmoja hapahapa, wewe ukawapima, kuna kosa?"

Afisa alifikiri. "Kosa ni kuwasafirisha. Kuchinja chini ya ukaguzi kunaruhusiwa." Akanitazama mimi. "Hamkuniuliza."

Neno lile liliniingia kuliko yote ya siku ile. Wiki nne tulikuwa tunahesabu magunia na kungoja lori, kwa sababu akilini mwetu dume aliyenona ni wa kwenda mjini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali dogo kama lile.

Mume wangu alirudi kesho yake na magunia machache ya mashudu. Alizunguka zizi, akaangalia jeraha la yule aliyekatwa, akaja jikoni. "Nilikuachia zizi wiki moja tu," alisema.

"Uliniachia zizi na baba yako," nikamjibu. "Zizi nililimudu."

Hatukusemeshana mpaka siku ya kikao cha shauri la mpunga.

Kikao kilikuwa ofisi ya mtaa, kwenye mabenchi, milango wazi na watu mpaka nje. Mwenyekiti alieleza shauri. Bwana shamba akasema eneo lililoharibika ni zaidi kidogo ya eka moja. Watu waliongea sana, wengine mambo ya mwaka ule, wengine ya miaka ya nyuma ambayo sisi hatukuhusika nayo. Mmoja alisema wafugaji wote waondoke. Nilikuwa nimekaa katikati, sijui nijisikie ninafukuzwa au ninafukuza.

Baba mkwe alisimama. Kiswahili chake ni cha polepole. "Mlango nilifungua mwenyewe," alisema. "Mkwe wangu hakujua. Mwanangu hakuwepo. Nilidhani bado najua kuchunga." Akamgeukia yule mjane. "Nina ng'ombe mmoja jike, wa kizazi cha ng'ombe wangu wa zamani. Nampa mama huyu."

Nilimjua ng'ombe huyo. Ndiye pekee aliyekuwa anamwita kwa jina.

Yule mama hakusimama. "Mzee, ng'ombe wako nitamfunga wapi? Mimi sijui hata kumkamua. Mimi nimepoteza mpunga. Nipeni mpunga."

Mpunga tuliokuwa nao ulikuwa mmoja tu. Nilikuwa na eka moja na nusu niliyopewa na baba yangu mzazi, niliyoilima kwa mikono yangu kila mwaka hata zizi lilipokuwa linatupa kila kitu. Niliilima kwa sababu sikuwahi kuyaamini madume kabisa. Mume wangu alinitazama, akatazama chini. Hakuweza kuniomba, na mzee hakuweza kuniomba. Nikasimama. Nilisema shamba langu lipo, mpunga wake unakaribia kukomaa, mama achukue eka moja akavune.

Watu walinisifu. Sikustahili sifa hizo. Nilikuwa na hasira. Niliwakasirikia watu wa karantini, nikamkasirikia mzee, nikamkasirikia mume wangu na neno lake la "angalia pumba tu". Siku ya kuvuna nilikwenda kusaidia kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu, na nilikata mpunga huku machozi yanadondoka, nikijisingizia jua. Yule mama alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu. Tulifanya kazi mpaka saa sita. Tulipokaa kula viazi alinisogezea maji, kisha akaonyesha majani yaliyobaki baada ya kupura.

"Haya tunayachoma kila mwaka. Ng'ombe wenu hawali?"

"Wanakula, mama. Ukiyachanganya na molasesi wanakula."

"Basi muwe mnanunua. Kuliko kuyafuata shambani."

Sikujua kama anacheka au ananiuma. Labda vyote viwili.

Madume waliisha polepole. Mwenye bucha alichukua mmoja kila baada ya siku mbili, kwa bei ya mji mdogo ambao haukuzoea nyama nyingi namna ile. Karantini ilipoondolewa walikuwa wamebaki kumi na mmoja, mbavu zao zinahesabika. Tuliwapakia hivyo hivyo. Baba mkwe hakuja kuwaaga, na kwa muda mrefu hakuja zizini kabisa. Alishinda ndani, akisema miguu inamuuma. Nilikuwa nampelekea chai, naamkia, anaitikia, na habari za mahabusu haziulizi tena. Niligundua kwamba nilikuwa nayangojea maneno yale.

Ni yule mama aliyemtoa ndani bila kujua. Baada ya mavuno alituma ujumbe kwamba majani yako tayari, mtu aje ayachukue. Mume wangu alikuwa safarini, mimi nilikuwa na malaria. Mzee alipanda toyo akaenda mwenyewe. Alirudi jioni na majani mengi kuliko tuliyolipia, na akaniuliza mtu mzima anaitikiwaje kwa Kipogoro, maana walikuwa wamemsalimu huko akabaki anatabasamu tu. Siku hizi yeye ndiye anayezunguka kwa wakulima kuulizia majani. Bei anaisumbukia kuliko mimi.

Zizi tumelipunguza. Tunaweka madume kumi na wawili, kumi na watano, na tunauza mmoja mmoja tangu mwezi wa pili wa kulisha badala ya kungoja wote waive. Malori ya pumba hayajapungua mashineni. Kila masika nikisikia pikipiki inasimama nje, natoka haraka kuangalia kama ni afisa.

Sasa mume wangu amepata mnunuzi mpya wa Dar anayetaka madume arobaini kwa mpigo. Ameanza kuzungumzia mkopo. Juzi tulikaa watatu na, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, baba mkwe aliniuliza mimi kabla ya mwanawe: "Mkwe, wewe unasemaje?"

Nilisema kumi, na wasinunuliwe mpaka chakula chao kiwe stoo. Mume wangu alisema kwa idadi hiyo mnunuzi ataondoka. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali, au alisema amekubali.

Leo wameondoka wote wawili asubuhi na mapema kwenda mnadani. Nimefagia hori, nimejaza maji, nimehesabu yaliyomo stoo mara mbili. Nimepiga simu, haipatikani. Sijui watakuja na madume wangapi.